Kuwohi kwa Miguu: Mnara, Wingu na Shangazi

Kilele cha Kuwohi, kusini-mashariki mwa Marekani, kina mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Mlango wa mbele ni barabara ya lami: unapanda na gari kutoka Newfound Gap, kipito cha katikati ya milima, kilomita 11 hivi, unaegesha, kisha unamalizia mita 800 kwa miguu mpaka kwenye mnara wa kutazamia. Mlango wa nyuma ni Appalachian Trail, ile njia ya miguu ya takriban kilomita 3,500 inayoanzia Georgia na kuishia Maine. Inapita juu ya mgongo wa milima ya Great Smoky Mountains, ambayo ni hifadhi ya taifa, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina, na hapa Kuwohi ndipo inapofika juu kuliko mahali pengine popote katika urefu wake wote. Kutoka Newfound Gap kwa njia hiyo ni kilomita 12 na ushee. Sisi tuligawana: mimi na mdogo wangu tukapita nyuma, shangazi akapita mbele na gari lake.

Mpango ulikuwa wa shangazi mwenyewe. Ameishi Knoxville, mji wa Tennessee, miaka mingi na milima hii anaijua kwa usukani. "Magoti yamechoka," alisema, "lakini mikono bado inashika usukani. Nitawashusha pale Newfound Gap, nyie mtembee, mimi nitawangoja juu." Kwa mtu asiyetaka kutembea kilomita 24 kwa siku moja, kwenda na kurudi, hakuna mpango bora kuliko huo. Unatembea upande mmoja tu, na gari linakusubiri upande wa pili.

Kitu tulichokazania ni muda. Kule juu simu ina mtandao inapojisikia, kwa hiyo usitegemee kumpigia mtu "nimefika, uko wapi?" Tulikubaliana tukiwa bado ndani ya gari: saa sita mchana juu ya mnara, asiyeonekana, angojewe kwenye maegesho mpaka saa tisa, ikipita hapo, shangazi ashuke kuwaambia askari wa hifadhi. Mdogo wangu aliona tunakuza mambo. Mimi naona mtu anayewekeana ahadi mlimani bila kusema "na ikishindikana je?" amepanga nusu tu ya safari.

Ilikuwa Oktoba, msimu ambao majani ya mabondeni yanageuka mekundu na ya manjano na nusu ya Marekani inaamua kuja kuyaangalia. Hifadhi haina kiingilio getini, lakini tangu Machi 2023 gari likisimama zaidi ya dakika 15 linatakiwa liwe na kibali cha kuegesha, dola 5 kwa siku. Kibali hakikuhakikishii nafasi. Maegesho ya juu hujaa mapema katika msimu huo, ndiyo maana shangazi alitutoa nyumbani bado giza. Na barabara ile ya kilomita 11 hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, kwa hiyo anayetaka kilele wakati wa baridi hana mlango wa mbele kabisa, atembee tu.

Njiani mdogo wangu alikuwa akiuita mlima kwa jina la zamani, Clingmans Dome, na shangazi akawa anamsahihisha kila mara. "Wenyewe wanauita Kuwohi," alisema, na hakutaka mjadala. Jina la Clingman lilibandikwa katika karne ya 19, likimkumbuka Thomas Clingman, mwanasiasa wa North Carolina aliyegombana na mwalimu Elisha Mitchell kuhusu kilele kipi ni kirefu zaidi katika milima ya upande huu. Mitchell alikufa mwaka 1857 kwa kuanguka kwenye maporomoko ya maji, akiwa amerudi mlimani kuthibitisha vipimo vyake. Vipimo vilikuja kumpa haki: mlima unaoitwa kwa jina lake una mita 2,037, Kuwohi una mita 2,025. Wacherokee, wenyeji wa asili wa hapa, walikuwa na mlima huu na simulizi zake zamani kabla ya mabishano hayo. Katika simulizi zao ndipo dubu walipokuwa na jumba lao la mikutano. Mwaka 1838, serikali ilipowafukuza kwa nguvu kwenda magharibi, baadhi yao walijificha katika milima hii, na kabila la Eastern Band of Cherokee Indians bado linaishi upande wa kusini wa hifadhi. Wao ndio walioomba jina lirudi, na likarudi rasmi Septemba 2024.

Newfound Gap iko kwenye mita 1,538, kwa hiyo ukipiga hesabu kwa kichwa unasema, "Aa, mita 500 tu." Njia haijui hesabu hiyo. Inapanda, inashuka, inapanda tena, na kila kilichoshukwa lazima kilipwe. Alama zake ni vipande vya rangi nyeupe kwenye mashina, urefu wa kiganja hivi, na ukikaa muda mrefu bila kuona kimoja, simama, rudi ulipoona cha mwisho. Chini ni mizizi na mawe, na mizizi ikilowa inateleza kuliko mawe. Buti zenye meno mazuri zilitusaidia kuliko kitu kingine chochote tulichobeba.

Ushauri nilioupata zamani na ambao sijawahi kuujutia: anza kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza umejifunika vizuri, baada ya dakika 20 unatoka jasho, nguo inalowa, na ukifika mgongoni kwenye upepo jasho lile lile linakugandisha. Hewa hupoa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kilele kinaweza kuwa na baridi ya nyuzi 10 zaidi ya mji wa Gatlinburg ulioko chini, ambako asubuhi ile watu walikuwa wanakunywa kahawa nje. Mdogo wangu alikuwa na fulana ya pamba. Nilimpa yangu ya akiba ya sufu bila maneno mengi. Pamba ikishalowa mlimani haikauki tena.

Kabla ya kufika Indian Gap, njia inaingia ndani ya uzio wa waya. Mdogo wangu alidhani tumeingia kwenye shamba la mtu. Ni uzio wa hifadhi, wa kuzuia nguruwe pori wasiingie kwenye kichaka cha miti ya bichi (beech), ya majani mapana. Nguruwe hao si wa hapa. Waliletwa kutoka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wawindaji, wakatoroka, wakazaana, na sasa wanachimbua ardhi kutafuta mizizi na viazi vya maua ya msituni. Ndani ya uzio ardhi imefunikwa na mimea midogo. Hatukuona nguruwe hata mmoja. Dubu pia hatukuwaona, na hilo sikulisikitikia.

Kuanzia hapo msitu unabadilika. Miti ya majani mapana inapungua na unaingia kwenye giza la kijani la miti ya sindano: red spruce na Fraser fir, zote za jamii ya misonobari. Mawe na magogo yamevikwa kuvumwani mpaka hujui jiwe ni lipi na gogo ni lipi. Kilele hiki hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata siku isiyo na mvua wingu linapita katikati ya miti na kuacha matone kwenye kila sindano. Hapo ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko tulivyopanga, na ndipo kwangu safari ilipokuwa.

Fraser fir huota kwa asili katika milima hii ya kusini mwa Appalachia tu, tena juu kabisa. Wamarekani wanaujua sana kwa sababu ndio mmoja wa miti wanayopenda kuiweka sebuleni wakati wa Krismasi, lakini ile ni ya shambani. Ukitaka kuutambua, angalia gome la mti mchanga: ni laini, la kijivu, na lina vipele vidogo vilivyojaa utomvu. Kimoja kilikuwa kimepasuka chenyewe. Nilipokigusa, kidole kilinata na kunukia mpaka jioni. Mdogo wangu aliniomba kidole anuse kila tuliposimama kupumzika.

Kisha unaona mizoga yake. Mashina meupe, marefu, yasiyo na tawi wala gome, yamesimama kwa makumi katikati ya miti mibichi, mengine yameegemeana, mengine yameanguka kukatiza njia. Aliyefanya kazi hiyo ni mdudu mdogo kiasi kwamba kwa macho matupu unaona tu nyuzi nyeupe za nta anazojifunikia. Aliletwa kutoka Ulaya bila kukusudiwa, na kufikia miaka ya 1960 alikuwa ameingia katika hifadhi hii. Anachomeka mdomo kwenye gome na kunyonya. Mti unajibu kwa kutengeneza mbao zisizo za kawaida ambazo hazipitishi maji vizuri, na ndani ya miaka michache unakufa kwa kiu huku umesimama kwenye mlima wenye mvua kiasi hiki. Anapenda zaidi miti mikubwa, yenye gome lenye nyufa anamoweza kujichomeka. Ndiyo sababu mingi iliyo hai leo ni michanga, ile yenye gome laini. Inaota kwa wingi, imesongamana kando ya njia kiasi cha kukulowesha mabega. Swali ni ingapi itafika uzeeni.

Nilijikuta nikifanya mchezo: kila nilipoona mti mnene ulio hai, nausogelea nione gome lake. Kwenye mmoja, usawa wa kifua changu, nyuzi zile nyeupe zilikuwepo, doa kama la ukubwa wa kucha. Mti ulikuwa wa kijani mpaka kileleni. Mtu anayepita na gari hawezi kuliona doa lile, na anayetembea haraka haoni pia. Mdogo wangu aliangalia saa akasema, "Kaka, shangazi atatutangazia kupotea." Tukaendelea.

Karibu na Mount Collins wingu liliingia. Halikuja kwa kishindo. Miti ya mbali ilianza kupauka, halafu ya karibu, halafu tukawa tunatembea ndani yake. Kuna sehemu barabara iko jirani na njia na tulisikia magari yakipanda bila kuyaona. Tulivaa makoti ya mvua ingawa mvua haikuwa inanyesha.

Mnara unautokea ghafla. Unapanda kipande cha mwisho ukiwa umeinamisha kichwa, unainua macho, na kuna nguzo ya zege mbele yako na njia ya zege inayojizungusha kwenda juu. Ulimalizika mwaka 1959, wakati hifadhi za taifa za Marekani zilipokuwa zikijenga kwa wingi ili kupokea watu wa magari. Una urefu wa mita 14 na ile njia yake ya kupandia ina mita 114 hivi. Wapo waliolalamika tangu mwanzo kwamba kitu cha zege na mistari ya kisasa hakifanani na mlima, kwamba ingefaa mbao na mawe. Mimi naupenda, tena kwa sababu moja: hauna ngazi. Mtu wa magoti anaweza kuupanda pole pole akishika ukuta.

Na mtu wa magoti alikuwa juu, kwenye jukwaa la mviringo, amejifunga kitenge juu ya koti, ameegemea ukuta na chupa ya chai mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mmechelewa."

"Shangazi, hata saa sita haijafika," mdogo wangu akasema.

"Mimi nilitaja saa? Mmelichelewa wingu."

Tulitazama pande zote. Kulikuwa na weupe, na ncha za miti iliyo chini yetu, basi. Shangazi alikuwa amefika mapema, akapanda ile lami kidogo kidogo akipumzika kwenye kila benchi, na alipofika juu kilele kilikuwa wazi kabisa. Mawingu yalikuwa chini, yamejaza mabonde, na migongo ya milima imechomoza juu yake safu baada ya safu. Alituonyesha kwa kidole mahali vitu vilipokuwa: "Pale Mount Le Conte. Kule chini, kusini, wingu lilipasuka nikaliona ziwa, Fontana." Sisi tulifuata kidole chake na kuona kidole chake.

Sababu yake ni rahisi na ilitakiwa niizingatie kwenye kupanga. Usiku hewa baridi na nzito hushuka mabondeni na wingu hulala kule. Alfajiri vilele vinabaki juu yake. Jua likipanda, mabonde yanapata joto, ile hewa yenye unyevu inainuka na kuja kukalia vilele. Si kila siku, lakini ni mara nyingi vya kutosha. Kwa hiyo anayetembea kutoka Newfound Gap kuanzia asubuhi anakuwa anapanda pamoja na wingu, na wote wanafika mnarani karibu wakati mmoja.

Mdogo wangu alinuna. "Kilomita kumi na mbili," alisema, "nije kuangalia ukuta mweupe. Na aliyekuja na gari ndiye aliyeona kila kitu." Nilimwelewa. Wengi wetu tunatembea tukiwa na imani ya chinichini kwamba jasho ni malipo, na mlima unadaiwa mandhari. Shangazi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kwani mlima umesaini na wewe? Mimi nimeona mbali. Wewe umeona nini huko ulikopita?" Ikabidi amweleze kuhusu uzio wa nguruwe, na vipele vya utomvu, na akanishika mkono akamnusisha kidole changu. Shangazi, ambaye amepanda kilele hiki na wageni wake miaka yote hiyo, alikuwa anadhani ile mizoga meupe iliungua moto.

Kwenye ukuta wa jukwaa kuna mabango yenye picha za milima na majina yake, kila bango likitazama upande wake. Tuliyasoma yote, tukajifunza majina ya milima tusiyoiona. Hata siku ya wazi kuna ukungu mwembamba wa buluu, ambao miti yenyewe inachangia kwa mivuke inayotoa hewani. Lakini sehemu kubwa ya utando ulioharibu mandhari katika karne iliyopita ilikuwa uchafu wa viwanda na mitambo ya umeme wa makaa ya mawe. Sheria za hewa safi zilipobana mitambo hiyo, macho yalianza tena kufika mbali. Siku nzuri kabisa mtu huona hadi kilomita 160. Siku nzuri hizo huja zaidi baada ya mvua ya baridi kupita na kuacha hewa kavu. Kiangazi, hata bila wingu, usitegemee sana.

Chini ya mnara tulimkuta kijana aliyekuwa anatembea njia nzima kutoka Maine, amebakiza kama kilomita 320 afike mwisho. Alikuwa ameketi juu ya begi lake anakula, na mdogo wangu alimuuliza kama atapanda mnara. Akaangalia juu kwenye weupe, akatikisa kichwa, akaendelea kula. Mdogo wangu alichangamka kuanzia hapo, sijui kwa nini.

Kushuka kwenye maegesho kulikuwa na somo lake dogo. Mita 800 za lami zinadanganya. Zinashuka karibu mita 100, mkali kiasi kwamba hifadhi yenyewe inaonya kuwa njia hiyo haifai kiti cha magurudumu, na tulipishana na watu wa kandambili na fulana wakipanda huku wanatweta, wamejikumbatia kwa baridi. Wanaona lami wanadhani ni matembezi ya bustanini. Kama unampeleka mzee, mpe koti, mpe muda, na usimtangulie. Mabenchi yapo, ayatumie yote. Shangazi ndivyo alivyofanya na alifika juu akiwa na pumzi za kutucheka.

Kwenye gari tukaanza kupanga tena. Wazo la kugeuza safari lilikuwa la mdogo wangu, na ni zuri: gari litufikishe juu kukiwa bado na giza, tuone jua likichomoza mnarani wakati mawingu yamelala, halafu ndipo tutembee Appalachian Trail kuteremka mpaka Newfound Gap. Mandhari kwanza, msitu baadaye, na wingu likija linatukuta chini ya miti ambako halituharibii kitu. Kuteremka kunahurumia mapafu ingawa kunaadhibu magoti, kwa hiyo fimbo za kutembelea zitahitajika. Tulitaja Novemba, kabla barabara haijafungwa, siku moja au mbili baada ya mvua.

Shangazi alikubali kuendesha. "Ila saa kumi usiku mnakuwa mlangoni na viatu vimefungwa," alisema. "Atakayeniambia anatafuta soksi, nitamwacha."